Siku ya Kuzaliwa Niliyobadilishana na Mapendo

Karanga zikikaangwa kwa mchanga, kinachotangulia kunukia si karanga. Ni mchanga wenyewe. Ni harufu kavu, ya jiwe lililolala juani mwaka mzima halafu likaongezewa moto, na ukiivuta kwa nguvu inakukwaruza kooni. Juzi nilikuwa hapa Lodwar, kando ya stendi, nikibishana na mama mmoja wa karanga. Nilikuwa nimeshamfikisha pale muuzaji anapoanza kuapa kwa watoto wake, mara harufu hiyo ikanipiga. Nikanyamaza katikati ya neno. Mama wa watu akadhani kunyamaza kwangu ni mbinu mpya, akashusha bei mwenyewe. Nilipokea. Kumbukumbu ni kumbukumbu na biashara ni biashara.

Lakini nilipokuwa nikizitafuna njiani sikuwa Lodwar tena. Nilikuwa Kakuma, mwisho wa mwaka 2012, nimechuchumaa mbele ya jiko la mama yangu, nikilinda keki.

Hatukuwa na oveni, wala sikumjua mtu aliyekuwa nayo. Mama alikuwa na sufuria mbili, kubwa na ndogo. Ile kubwa aliitia mchanga uliochekechwa wa laga, ule mto wetu unaopitisha maji siku chache kwa mwaka na siku zilizobaki unapitisha mbuzi. Aliupasha mchanga mpaka ukanukia, akaikalisha ndani yake sufuria ndogo yenye unga uliokorogwa, akafunika kwa sinia, na juu ya sinia akapanga makaa. Mayai yalitoka Kitale kwa lori, kwenye barabara ile ya wakati huo, kwa hiyo yalifika yakiwa yamekwisha kupigwa nusu. Mama alisema ni kazi imepunguzwa. Keki iliiva ikiwa na ngozi nyeusi kidogo upande wa chini, na mara mojamoja chembe ya mchanga ililia jinoni, krr. Hakuna aliyelalamika. Aliyelalamika alipoteza kipande.

Sasa niwaeleze kesi yangu, nanyi mniamulie.

Nilizaliwa tarehe ishirini na tano Desemba. Watu wakisikia hivyo huniambia, "Oo, baraka!" Baraka gani? Mtu aliyezaliwa Aprili ana siku mbili kwa mwaka: ana yake, na ana Krismasi. Mimi nilikuwa na moja tu, tena ya kugawana, na niliyegawana naye hakuwa mtu wa kushindana naye. Nilipiga hesabu hiyo nikiwa darasa la pili, nikairudia, ikatoka vilevile. Nikaipeleka kwa Mama. Niliomba keki mbili, akakataa. Nikaomba keki moja asubuhi na nyingine jioni, akasema hizo bado ni mbili. Nikaomba basi chapati zangu ziwekwe kando na za Yesu. Mama alikuwa anatia uzi kwenye sindano, hakuinua hata macho.

"Ungetaka siku yako peke yako, ungengoja tumboni. Nani alikuharakisha?"

Baba alikuwa mtu wa ofisi ya mifugo, na alizungumza na kila mtu kwa upole, kama anayemkaribia ng'ombe mgeni. Yeye aliongeza kwamba nishukuru, kwa kuwa angalau hakuna atakayeisahau tarehe yangu.

Kilichoniuma zaidi ni mchezo. Kila Krismasi Mama alitushonea mavazi kwa vipande vilivyobaki mezani kwake, tukaigiza kuzaliwa kwa Yesu sebuleni. Dada yangu Nanjala alikuwa Maria, kwa sababu alikuwa mkubwa na alijua kuinamisha kichwa. Baba alikuwa Yosefu na mamajusi wote watatu, kwa kubadilisha kofia. Mtoto Yesu alikuwa mwanasesere wa matambara. Na mimi, mwenye siku, nilikuwa kondoo. Nilivaa gunia la unga lililoshonewa pamba, na kwa kuwa Baba hakuvumilia uongo katika mambo ya mifugo, nilipakwa masizi usoni, maana kondoo wa huku ana kichwa cheusi na mkia wa mafuta. Mkia ulikuwa mto mdogo wa kulalia. Hebu fikirini: ni siku yako ya kuzaliwa, wageni wamekuja, nawe umefungwa mto makalioni, unasema mee.

Sitawadanganya, yalikuwepo mambo mawili yaliyokuwa yangu bila kugawana. La kwanza ni maji. Kwetu Kenya mwenye siku yake humwagiwa maji ghafla, na huko Bungoma tulikotoka mtoto mmoja angeweza kumaliziwa ndoo mbili. Tulipofika Turkana Mama alitunga sheria: anayemwagiwa asimame ndani ya karai kubwa, na aliyelowa asitoke mpaka amalize kuchuruzika. Maji yale yalifua, kisha yakapiga deki, kisha yakaenda kwenye shina la mwarobaini. Mwarobaini ule uliifurahia siku yangu kuliko mimi.

La pili lilikuja nikiwa nimefungwa leso, natetemeka kwa raha. Mama alinisimulia nilivyozaliwa. Kila mwaka maneno yaleyale: uchungu ulivyomkuta akisukuma chapati, mkunga alivyoitwa kutoka kanisani akaja na joho la kwaya, mimi nilivyogoma kutoka mpaka jogoo wa Krismasi akachinjwa, na niliposikia kelele zake nikachungulia kuona nini kinagawanywa. Nilikuwa nimeizoea hadithi hiyo kiasi kwamba niliisikiliza kwa sikio moja, jingine likiwa kwenye keki.

Katikati ya mwaka huo wa 2012 Baba alihamishwa kutoka Lodwar kwenda Kakuma. Majina ya Kibukusu husema mtu alizaliwa wakati gani. Dada ni Nanjala, wa msimu wa njaa, mimi ni Nasimiyu, wa kiangazi. Baba alipopewa kazi Turkana mara ya kwanza, jamaa zetu walisema hatukuhamishwa, tuliitwa kwa majina yetu.

Kakuma Mama aliweka cherehani yake barazani, kando ya barabara iendayo kambini, na baada ya wiki chache cherehani ya pili ikaja kukaa ubavuni mwake. Mwenyewe aliitwa Mama Mapendo, mkimbizi kutoka Kongo, upande wa Uvira. Alikuwa na watoto wawili: Mapendo, wa rika langu, na mdogo wake Amani. Kiswahili cha Mama Mapendo kilikuwa kama nyumba yetu iliyogeuziwa mlango. Kila kitu kimo, lakini unaingilia nyuma. Yeye na Mama walizozana kutwa juu ya mikono ya nguo.

"Mama Nanjala, hii mukono ni ya shati ama ni ya gunia?"

"Ni ya mwanafunzi. Mwanafunzi hukua."

"Atakomaa na kuzeeka ndani ya hii mukono moya."

Wakicheka, cherehani zote mbili zinasimama. Wasipozozana, nilijua mmoja wao ni mgonjwa.

Siku moja mimi na Mapendo tulikuwa chini ya meza ya kukatia, tukichambua vifungo. Nikamuuliza alizaliwa lini.

"Tarehe moya, mwezi wa kwanza."

Na Amani? "Tarehe moya, mwezi wa kwanza." Na mama yako? Akaniangalia kama nimeuliza iwapo maji yanalowesha. "Tarehe moya, mwezi wa kwanza. Siye bote."

Nilijua ujanja nikiuona. Familia nzima siku moja, isiyogawanwa na Yesu, tena siku ambayo dunia yote imekwisha kununua soda! Nikaenda kwa Baba na malalamiko. Baba akanieleza taratibu kwamba watu wakifika wamekimbia, hawana karatasi na hawana hakika ya tarehe, anayewaandikisha huwawekea ya kwanza Januari, ili pale pa tarehe pasibaki patupu. Nilisikiliza maelezo yote, na nikaondoka na jambo moja tu: kwamba kuna mahali siku za kuzaliwa zinagawiwa, na sisi hatukwenda kupanga foleni.

Basi nikarudi chini ya meza.

"Tubadilishane," nikamwambia Mapendo. "Nakupa yangu, unipe yako. Nyinyi mnazo tatu, moja ikitoka haionekani."

Mapendo alikuwa mtoto mtulivu, lakini kwenye biashara alikuwa na uso wa jiwe. "Yako iko na nini ndani?"

"Keki. Taji. Kumwagiwa maji."

"Na kuwa kondoo?"

Nikasita. "Hiyo si lazima."

"Miye nataka kondoo."

Nikauma shavu nisicheke. "Utapewa. Na yenu ina nini?"

"Nguo mupya. Kwetu siku ya Bonane, mwaka mupya, hakuna mutu anavaa nguo ya zamani. Na mikate ya mafuta. Unakula mpaka unalala palepale."

Nikanyoosha mkono tumalizane. Akaurudisha wake nyuma.

"Uniongezee kitu," akasema. "Ile hadisi mama yako anakuambiaka, vile ulizaliwa. Miye pia niambiwe vile nilizaliwa."

"Mama yako hajawahi kukuambia?"

"Nikimuuliza anasemaka, 'Ulizaliwa, uko hapa, lete maji.'"

Nyongeza, wasomaji wangu, ni kile mfanyabiashara anachotoa bila kuumia: konzi ya maharagwe juu ya kilo, nyanya iliyobonyea. Nikamwambia chukua. Tukashikana mikono, tukatema mate chini kuthibitisha, na jioni ile nilitembea kama mtu aliyeuza mbuzi mgonjwa kwa bei ya mzima.

Mama alipopewa habari aliweka mkasi chini. "Umebadilisha siku uliyozaliwa?"

"Ndiyo."

"Na mimi niliyekuzaa siku hiyo, mbona sikuitwa mkutanoni?"

Mama Mapendo alicheka mpaka akaegemea gurudumu la cherehani. Mama naye akashindwa kukaza uso. "Haya, biashara ni yenu. Lakini Krismasi ikifika, nisione mtu amenuna kwenye keki ya mwenzake." Akawaalika wote watatu waje washinde kwetu. Ile nyongeza hatukuitaja. Ilikuwa ndogo mno.

Siku iliyofuata maandalizi yalianza. Taji lilikatwa kwenye kopo la mafuta ya kupikia, lile ambalo ndani linang'aa kama dhahabu ya mfalme maskini, na Mama akazungushia kitambaa kwenye makali ili lisimkate mtu paji la uso. Mapendo alijaribishwa gunia langu. Likamkaa vizuri kuliko lilivyowahi kunikaa mimi, na hapo ndipo nilipohisi kitu kidogo, kama chembe ya mchanga kwenye keki, lakini nikakimeza. Mimi nilipandishwa cheo nikawa mchungaji. Nilipewa fimbo na kilemba cha pazia.

Krismasi ilifika na joto lake. Niliilinda keki ya mwenzangu kwa uaminifu, nikageuza makaa, nikafukuza kuku. Mchana tulipoanza mchezo, Mapendo aliwashinda wote. Sikuwahi kuona kondoo wa aina ile. Alipiga kwato, akamnusa Yosefu, akala ukingo wa pazia, na alipotoa sauti, mbuzi wa jirani walimjibu. Baba alisahau maneno ya majusi wa pili, akawa anamwangalia kwa macho ya ofisini. "Huyu ana afya," akasema. Mama Mapendo alifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kitenge.

Kisha taji likawekwa juu ya masikio ya kondoo, tukatoka uani, Mapendo akasimamishwa ndani ya karai. Baba akammwagia. Mapendo akapiga yowe moja la furaha lililosikika hadi kwa Mama Ekai, jirani yetu Mturkana, ambaye alifika kwenye ua wa miiba akikimbia, dumu mkononi.

"Ejok!" akasalimu akihema. "Hii mtoto iko na moto?"

"Hapana, mama," Baba akamwambia. "Ni siku yake ya kuzaliwa."

Mama Ekai akamtazama Mapendo anayechuruzika, akamtazama Baba, akatazama karai. "Sasa nyinyi nazaa yeye mara ya pili? Ile ya kwanza ilikuwa na makosa?" Akarudi kwake na dumu lake akitikisa kichwa, na tukamsikia akiwaeleza watu wa kwake, na watu wa kwake wakicheka.

Tukaingia ndani. Mapendo akakaa kwenye mkeka, leso ya Mama imemfunga mpaka kidevuni, taji limelalia sikio moja, masizi yamemchora mistari mashavuni. Keki ililetwa mbele yake. Hakuigusa. Alijiweka sawa, akasema, "Sasa ile ya kuzaliwa."

Mama hakuelewa. Mapendo akamweleza kwa adabu kwamba ilikuwa ndani ya bei. Aambiwe vile alizaliwa.

Mama akanigeukia. Mimi nikaiangalia keki. Ile ya kwangu hangeweza kumpa. Mtoto alijua fika kwamba zile chapati na yule jogoo havikuwa vyake. Basi Mama akafanya ambalo mtu yeyote wa kwetu angelifanya kwa heshima: alimpisha mwenyewe. Alivuta kiti kizuri, akamwambia Mama Mapendo huku akitabasamu, "Haya mama, hiyo ni kazi yako. Kwetu anayesimulia ni aliyezaa. Karibu, tuko hapa tunakusikiliza."

Sote tukamgeukia. Baba alikuwa bado na kofia ya majusi wa tatu.

Mama Mapendo alikuwa angali anacheka kwa ajili ya maneno ya Mama Ekai. Kicheko kikabaki usoni bila mwenyewe, kama nguo iliyosahauliwa kambani. "Ilikuwa mvua," akasema. Tukangoja. "Ilikuwa mvua," akarudia, polepole, na akawa anaangalia mikono yake. Kisha akasimama. "Hapana leo, mama. Munisamehe. Hapana leo." Akamwambia Amani avae viatu, akamshika Mapendo mkono, wakaondoka kwenye jua kali lile, Mapendo na leso yetu ikiburura vumbi. Taji lilibaki kwenye mkeka.

Keki tuliila. Ilikuwa yangu tena, kama mngetaka kuhesabu hivyo, na ilikuwa kubwa, lakini kila mtu alikula kipande kimoja akasema ameshiba.

Kesho yake Mama Mapendo alikuja kazini kama kawaida. Alisalimia, akakalia stuli yake, akashona. Lakini hakugombana na mtu. Nilijua mambo yameharibika pale Mama aliposhona mkono wa shati mpana kupita akili, makusudi, akauweka mbele yake achokozwe, na Mama Mapendo akaupiga pasi bila neno. Mara nyingine mguu wake ulisimama kwenye pedali katikati ya mshono, macho yakiwa barabarani, midomo inacheza kama ya mtu anayefanya hesabu ya kichwa.

"Mama Mapendo, nilikukosea?" Mama akamuuliza.

"Hapana, mama. Natafuta tu kitu."

Mama akampa mkasi.

Mapendo hakuja wiki ile. Mimi nililala na kuamka na hesabu mbaya. Keki hakuionja, na hadithi, kile kitu kimoja alichokipandishia bei, hakuipata. Mtu uliyemuuzia akirudi nyumbani mikono mitupu, unakwenda kumdai nini? Nilikuwa nimeshatoa Krismasi, na sasa Januari nayo ilikuwa inaniponyoka. Lakini ajabu ni kwamba kilichonikosesha raha hakikuwa hicho. Ilikuwa ni vile alivyojiweka sawa kwenye mkeka. Hakuna mtu aliyewahi kujiweka sawa hivyo kusikiliza kitu nilichokitoa kama nyongeza.

Asubuhi ya kwanza ya mwaka 2013 niliamka bila haraka, nikiwa sina siku ya kuzaliwa popote kwenye kalenda. Nikasikia hodi. Mapendo alikuwa mlangoni ndani ya gauni la kitenge cha njano chenye ndege wa buluu, jipya mpaka linatoa sauti, na mkononi alikuwa na jingine lililokunjwa.

"Mama anasema mukuye bote. Na hii ni yako."

Nililivaa palepale. Lilinikaa, mabega na kiuno, wakati sikuwahi kupimwa. Mama Mapendo alikuwa amenipima kwa macho wiki nzima niliyodhani haoni mtu.

Tukaenda sote. Nyumba yao kambini ilikuwa ya matofali ya udongo, imefagiliwa mpaka mstari wa ufagio unaonekana. Kulikuwa na mikate ya mafuta, midogo, ya mviringo, bado ya moto, migumu kidogo nje na laini ndani, na samaki wakavu wa kutoka Kalokol waliofufuliwa kwa nyanya. Mama Mapendo na watoto wake wote walikuwa ndani ya kitambaa kilekile cha njano. Nami nilikuwa ndani yake. Mtu angepita nje angehesabu watoto watatu wa nyumba moja.

Tulipokula mpaka Amani akalala palepale, kama nilivyoahidiwa, Mama Mapendo aliniita. Aliniweka ndani ya beseni, akachota kikombe kimoja cha maji, kimoja tu, akanimwagia utosini pole pole kama anayemwagilia mche. "Kwenu munafanyaka hivi. Sawa. Imefanyika." Akanifunga leso. Ilikuwa leso yetu, imefuliwa na kupigwa pasi. Kisha akaketi.

"Siku ni ya Nasimiyu, alinunua. Lakini hadisi ni ya Mapendo. Mukae wawili."

Ilikuwa mvua, akasema, mvua ya kulaza migomba. Uchungu ulipomshika alimtuma baba yake Mapendo akamwite mkunga. Mtu wa watu akatoka mbio, na kwa ile haraka akaingia mlango wa jirani, akarudi amemkokota mwalimu wa kwaya. Huyo mama hakujua chochote cha uzazi, lakini aliona haya kusema, basi akaomba maji ya moto na akaanza kuimba. Bibi yake Mapendo, aliyekuwa ameshika taa, akafoka, "Nani anaimba hapa, kuna mutu amekufa?" Wakati huo mjomba, mdogo wake Mama Mapendo, alikuwa juu ya paa katikati ya mvua, anaziba tundu kwa majani ya mgomba. Aliposikia wimbo akajua mtoto amekwisha kuja. Akasimama acheze.

Hapo Mama Mapendo alituangalia.

"Paa ikasema kraa! Muyomba akaingia ndani na mvua yake yote, akaanguka juu ya gunia ya maharagi. Na weye, Mapendo, ukatoka palepale. Batu bakasahau kuangalia kama ni mutoto mume ama muke. Bote banaangalia muyomba!" Baba yake Mapendo, aliyekuwa ametumwa tena, akarudi na mkunga wa kweli, akakuta watu wamekaa chini kwa kicheko, mtoto amefungwa ndani ya koti la mjomba, na mwalimu wa kwaya amefika ubeti wa mwisho.

Mama alicheka mpaka akaomba maji. Baba yangu alivua miwani. Mapendo hakucheka kwanza. Midomo yake ilikuwa ikicheza bila sauti, anafuata neno kwa neno, anaweka ndani. Halafu akauliza, "Na tarehe?"

"Tarehe siyui tena, mwanangu. Tulitoka bila karatasi. Lakini mutu akikuuliza, mwambie, ile siku muyomba alianguka."

Ndipo Mapendo akacheka.

Nilikuwa mtu mzima kabla sijafanya hesabu ya pili. Nilikuwa namsimulia mtu kisa hiki, nafika pale pa kwaya, nikajikuta nawahesabu watu waliokuwamo ndani ya nyumba ile yenye mvua: baba, bibi na taa yake, mwalimu wa kwaya, mjomba, mkunga aliyechelewa. Nikawahesabu waliokuwa kwenye nyumba ya Kakuma, wamevaa njano. Nikarudia. Katika wale wa hadithi, walikuwepo wawili tu, aliyezaa na aliyezaliwa. Baba yake Mapendo nilikuwa nikidhani yuko kazini mbali, kama mababa wengi wa mji ule. Mjomba sikuwahi kumwazia lolote zaidi ya kuanguka kwake. Na ile wiki ya ukimya, ambayo sisi nyumbani tuliita hasira, ilikuwa kazi. Alikuwa anawatafuta mmojammoja, anawavua yaliyowapata baadaye, anawaleta wakiwa wazima, wamelowa na wanacheka, mbele ya watoto wenye mafuta ya mikate midomoni, ili pasiwe na mtoto wa kuuliza wako wapi.

Hakuna aliyeuliza. Mimi nilipaliwa kwa kicheko, na nilipopata pumzi nikamwomba arudie pale mjomba anapoanguka. Akarudia. Mara ya pili alimwangusha polepole zaidi, akamkawiza pale juu ya paa, kwenye mvua, anacheza. Nikadhani anafanya hivyo kwa ajili yangu.